Kwa nini kitabu kimoja cha Kiswahili kichapwe mara mbili?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mawaziri wa elimu wa nchi zetu, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, juu ya jambo ambalo hotuba za Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, huligusia na kulipita. Kiswahili leo ni lugha rasmi ya nchi kadhaa. Je, nani anakilea kwa niaba yetu sote?

Mimi ni mhariri wa vitabu vya watoto. Nilizaliwa Tanga, nikaolewa Mombasa, na kazi yangu naifanya kwa wachapishaji wa pande zote mbili za mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Miswada hunijia kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Naisafisha, nasoma prufu, nairudisha. Haya ninayoyaandika nimeyaona mezani pangu.

Kuna kitabu nilichokihariri cha hadithi fupi ya msichana anayemsaidia bibi yake kuuza karanga gulioni ili kaka yake apate nauli ya kwenda shule ya sekondari. Kina kurasa 32 na picha za rangi. Tanzania kilipata ithibati ya lugha, kikaingia madukani. Mchapishaji akaona hadithi ni nzuri, akataka kukiuza na Kenya. Mtathmini wa vitabu wa huku Kenya akakirudisha pamoja na orodha ya masahihisho. Karanga ziwe njugu. Gulio liwe soko. Shule ya sekondari iwe shule ya upili. Maharage yawe maharagwe. Kompyuta iliyochorwa dukani iitwe tarakilishi. Darasa la Nne liwe Gredi ya Nne, na mwenyekiti wa kijiji awe mzee wa mtaa.

Baadhi ya masahihisho hayo nayakubali. Gredi ya Nne imo katika mtaala wa Kenya, na mtoto wa Kwale hajapata kumwona mwenyekiti wa kijiji. Hizo ni tofauti za serikali na utaratibu, na msomaji ana haki ya kusoma mambo ya kwao. Lakini karanga? Kwetu Tanga ukimwambia mtoto njugu, atafikiri unasema njugu mawe, zile ngumu za kuchemshwa. Hapa Mombasa njugu ndizo hizihizi za kukaanga zinazouzwa kwenye vikaratasi pale Mama Ngina. Mtoto wa Lunga Lunga akikuta neno karanga na kando yake picha ya bibi anayepima kwa kikombe, ataelewa, na siku hiyo atakuwa amejifunza neno la jirani zake. Ndiyo kazi ya kitabu cha hadithi. Sijui ni mtoto gani aliyewahi kudhurika kwa kujua maneno mawili ya kitu kimoja.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani kubadilisha maneno saba ni kazi ya nusu saa. Neno likirefuka, mstari unasukumwa. Mstari ukisukumwa, aya inaingia juu ya picha, na mpangaji kurasa anaanza upya. Kibao cha duka kimechorwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo mchoraji naye anaitwa na analipwa. Kisha kuna mtambo. Gharama ya kuuandaa kwa kuchapa rangi ni ileile, uchape nakala 1,000 au 50,000. Ukichapa nyingi, gharama hiyo inagawanyika mpaka haionekani kwenye bei. Ukichapa kidogo kwa Tanzania na kidogo kwa Kenya, kila nakala inabeba mzigo mkubwa, na anayeulipa ni mzazi. Matokeo yake ni kwamba shule mbili ambazo watoto wake wanaweza kukutana sokoni siku ya gulio zinasoma hadithi moja katika vitabu viwili, na vyote viwili ni ghali. Shule nyingi upande wa Vanga na upande wa Mkinga hazina hata kimoja.

Nayasema haya wakati ambapo kwenye karatasi Kiswahili hakijapata kuwa na cheo kama cha leo. Katiba ya Tanzania ya 1977 iliandikwa kwa Kiswahili, na mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, ni lugha rasmi. Uganda ilikiweka katika katiba mwaka 2005 kama lugha rasmi ya pili. Rwanda ilikipitisha 2017. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilikipokea Dar es Salaam Agosti 2019. Mwaka 2021 UNESCO ikatutengea siku yetu ya dunia. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi, miaka 18 baada ya Rais Chissano wa Msumbiji kusimama Addis Ababa akahutubia kwa Kiswahili huku wakalimani hawakuandaliwa. Niliposikia habari ile ya Chissano nilikuwa msichana, na furaha niliyoipata siku hiyo ninayo hadi leo. Sherehe nazo tunazipenda. Za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilifika hapa kwetu Mombasa mwaka 2024, na mwaka uliofuata zikaenda Kigali.

Lakini urasmi una ngazi, na inafaa tuseme ni ngazi ipi tumeifikia. Katiba hiyohiyo ya Kenya, kifungu cha 259, inasema tafsiri za katiba zikipingana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Linganisha na Kanada, ambako Sheria ya Katiba ya 1982 inazipa matini zake za Kiingereza na Kifaransa nguvu sawa, na jaji hana ruhusa ya kuiweka moja kando. Sisemi hivi kuwalaumu waandishi wa katiba yetu. Katika nchi ambayo hakuna chombo kinachoaminika kusema neno hili la kisheria kwa Kiswahili ni hili na maana yake ni hii, mwanasheria atakimbilia lugha ambayo kamusi zake zimejaa. Hata mahakama zetu za juu hatujazipatanisha majina. Tanzania ina Mahakama ya Rufani, Kenya ina Mahakama ya Rufaa. Wakili wa Arusha na wakili wa Nairobi wanaelewana wakizungumza, lakini anayeandika kitabu cha uraia cha kutumika pande zote mbili hukwama ukurasa wa kwanza.

Wapo waliotutangulia katika kushirikiana lugha moja nchi nyingi, na mwenendo wao unafaa kutazamwa kwa karibu. Mimi nimewatazama zaidi Wahispania na wenzao wa Amerika, kwa sababu hali yao inafanana na tunakotaka kwenda. Kihispania ni lugha ya nchi 20, kutoka Uhispania hadi Ajentina na Guinea ya Ikweta. Akademia ya Madrid, chombo cha kusimamia lugha hiyo, ilianzishwa 1713, na kwa muda mrefu ilijiona ndiyo yenye neno la mwisho. Nchi za Amerika zilipojitawala zikaanza kuunda akademia zao, Kolombia ikitangulia mwaka 1871. Mwaka 1951 Mexico ikaziita zote mezani kuunda jumuiya moja. Jambo linalonigusa ni kwamba Madrid yenyewe haikuhudhuria, kwa sababu serikali ya Franco, mtawala wa Uhispania, iligombana na Mexico na ikaizuia akademia yake kwenda. Watoto wakakutana mama hayupo, wakaanza kazi. Madrid ilikuja kukaa mezani baadaye, pamoja na wenzake. Mwaka 1960 serikali zao zikatia saini mkataba Bogotá wa kuziunga mkono akademia hizo na kuzipatia fedha. Leo ziko 23, ikiwamo ya Ufilipino na ya Marekani.

Na hawakulazimisha kila mtu aseme kama Madrid. Basi la abiria Cuba ni guagua, Mexico ni camión, Ajentina ni colectivo. Kamusi yao inayaingiza yote na kuonyesha neno linatumika wapi. Hakuna mtathmini wa kulifuta la mwenzake. Kitabu chao cha tahajia cha mwaka 2010 kilikubaliwa na akademia zote kwa pamoja, na waliokutana kukipitisha walikutana Guadalajara, Mexico. Nikitazama kamusi zetu najiuliza ni lini matatu na daladala yatakaa ndani yake yakiwa sawa, kila moja na nchi yake kando, bila lolote kuitwa la mitaani.

Wajerumani nao wana funzo. Mwaka 1996 Ujerumani, Austria, Uswisi na Liechtenstein zilitia saini Vienna kanuni mpya za tahajia. Kelele zilikuwa nyingi, mpaka mwaka 2004 likaundwa baraza la pamoja lenye makao Mannheim, ambalo lina wajumbe hata wa jamii ndogo za wasemaji wa Kijerumani walioko Italia na Ubelgiji. Uswisi hawaitumii ile herufi ß, wanaandika ss, na kanuni zinawaruhusu. Austria ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 1995 ilidai katika mkataba wake wa kujiunga orodha ya maneno 23 ya vyakula, ili nyanya za Waaustria ziendelee kuitwa Paradeiser na zisigeuzwe jina kwenye karatasi za Brussels. Nchi tajiri, yenye mambo mazito ya fedha na mipaka ya kujadili, ilipata muda wa kutetea jina la nyanya. Zanzibar nyanya ni tungule. Natamani siku moja nione itifaki ya Jumuiya yetu imelitaja neno hilo.

Waholanzi na Wabelgiji walimaliza suala hili kwa mkataba wa 1980, na Suriname ikajiunga nao baadaye. Malaysia na Indonesia zilipatana tahajia moja mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kupigana. Hayo nayapita haraka.

Wareno ndio wa kutuonya. Mkataba wao wa tahajia ulisainiwa Lisbon mwaka 1990. Brazil ilianza kuutumia 2009 na kuufanya lazima 2016. Ureno kwenyewe waandishi wengi waliukataa, na yapo magazeti yaliyoendelea kuandika kwa tahajia ya zamani. Angola, nchi kubwa ya Waafrika wanaosema Kireno, ilikaa miaka mingi bila kuuridhia. Nijuavyo mimi kazi hii, tatizo linaanzia pale mawaziri wanaposaini kabla ya walimu, wahariri na waandishi kukaa chini wakakubaliana. Tahajia iko mkononi mwa anayeandika kila siku. Huwezi kumletea ikiwa imeshakwisha kupigwa mhuri.

Na urasmi wa lugha si mali ya kudumu. Mali ilibadilisha katiba yake mwaka 2023 na kukiondolea Kifaransa cheo cha lugha rasmi, ikazipa cheo hicho lugha za nchi. Kiswahili hakikuja na meli ya mtawala, na ndiyo maana nchi zetu zinaweza kukichagua bila uchungu ule. Hata hivyo kuna jambo katika historia yetu ambalo watu wa mwambao hatujalisahau, na lisipotajwa halitatibika.

Sisi tulikuwa na chombo cha pamoja kabla ya wengi wa hao niliowataja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya mji uleule uliokaribisha mkutano, kikaachwa. Januari 1930 ikaanza kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kamati ile ilikagua miswada ya vitabu vya shule, na kitabu kilichopata kibali chake kilifaa kusomeshwa nchi zote nne. Ilitoa kamusi mwaka 1939. Ofisi yake ilihamahama: Dar es Salaam, kisha Nairobi, kisha Makerere, kisha Mombasa, na mwisho ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Tahajia moja tunayoitumia leo kutoka Lamu hadi Kigoma ni kazi yake, na hiyo ni baraka ambayo Wareno wangetulilia wivu.

Lakini ilipoanza, kwenye meza ile hakuwapo Mwafrika hata mmoja. Wakurugenzi wa elimu wa kikoloni na wamisionari ndio walioamua mshairi wa Mombasa aandike vipi. Kwa hiyo ninaposema turudi kwenye kibali kimoja cha vitabu, sisemi turudi kwenye meza ile. Nasema kazi ilikuwa nzuri na viti vilikuwa vya dhuluma. Baada ya uhuru tulivunja vyote viwili pamoja. Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, mwaka 1967, Zanzibar ikawa na baraza lake, BAKIZA, na Kenya tuna CHAKITA, ambacho ni chama cha wasomi na wapenzi wa lugha wanaofanya kazi kwa moyo, lakini chama hakina nguvu za baraza lenye sheria nyuma yake. Kila nchi ikatafuta istilahi zake. Ndipo karanga zikaanza kuhitaji pasipoti.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki itifaki yake ilisainiwa 2007, na ilianza kazi Zanzibar mwaka 2015. Naiheshimu, na najua imekabidhiwa eneo kubwa kuliko mfuko wake. Ninaloliomba ni ipewe kazi moja ya mkono, ambayo mzazi ataiona dukani, nayo ni kibali kimoja cha lugha kwa vitabu vya hadithi vya watoto. Vya kiada tuviache kwanza, kwa sababu vimefungwa na mitaala. Kitabu cha ziada, cha kusomwa chini ya mwembe au kwenye maktaba ya darasa, kikipita Zanzibar kisirudishwe Nairobi kwa sababu ya maharage, wala kisirudishwe Dar es Salaam kwa sababu ya shule ya upili. Nyuma ya kitabu iwekwe nusu ukurasa ya maneno yanayotofautiana, ionyeshe Tanga wanasemaje, Mombasa wanasemaje, Bujumbura wanasemaje. Watoto hupenda kurasa za namna hiyo. Nimewaona wakizisoma kabla ya hadithi yenyewe.

Na Bujumbura sijaitaja kwa kupamba. Mwalimu mmoja wa Bukavu aliwahi kunitumia mswada wa hadithi ya mvulana anayekwenda usiku na baba yake kuvua sambaza. Msomaji wa Pwani akiliona neno hilo atadhani ni kitenzi kimekosa kiambishi. Sambaza ni samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Kigoma na Mwanza samaki wa namna hiyo ni dagaa, Bujumbura ni ndagala, Kisumu ni omena, Uganda ni mukene. Hadithi ilikuwa tamu: taa za mitumbwi, waimbaji wanaopiga makasia kwa pamoja, mvulana anayeogopa maji meusi na hasemi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu, na mahali pengine aliandika batoto na ku nyumba. Hayo nilizungumza naye, tukapatana yapi yabaki midomoni mwa wahusika na yapi yafuate usanifu katika masimulizi. Sambaza niliiacha kila ilipotokea. Mchapishaji wa kwanza alisema Tanzania hawatalijua neno hilo. Wa pili akasema Kenya hakitapita. Mwalimu akaniuliza basi aupeleke wapi, maana kwao shule zinafundisha kwa Kifaransa na wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili vya watoto hakuwapata. Mswada ule mpaka leo haujawa kitabu.

Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na tangu 2022 nchi hiyo ni mwanachama wa Jumuiya. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ni miji mikubwa ya Kiswahili, ina watu, ina muziki, ina soko. Watu wetu wa mwambao wana tabia ya kucheka wakisikia Kiswahili cha huko. Kicheko hicho kinaniumiza. Kiswahili cha Kivu kina maneno ya ziwa ambayo sisi wa bahari hatunayo, na wanaokisema wamekishika vizazi kadhaa bila shule kuwasaidia, jambo ambalo lingestahili tuwashukuru. Somalia nayo imeingia, na pale Barawa kuna Chimini, ndugu wa damu wa lugha zetu za pwani, chenye utenzi wa kidini wa kale na wasemaji ambao vita vimewatawanya. Wabajuni, ambao nao husema lahaja ya Kiswahili, wako Kismayo. Kama Kamisheni itakaa mezani kupitisha neno na Barawa haina kiti, wala Bukavu, wala Bujumbura, tutakuwa tumerudia 1928 kwa mikono yetu wenyewe.

Nimeambiwa na wenzangu wa kazi kwamba mambo haya yaachwe yajipange yenyewe, kwa kuwa Kiingereza hakina akademia, Mmarekani anaandika hivi na Mwingereza vile, na kimeenea dunia nzima. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haitufai. Mchapishaji wa London akitaka kukichapa kitabu chake upya kwa ajili ya New York, soko la kila upande linatosha kulipa. Kwetu mchapishaji mwenye vitabu kumi vya watoto ndiye mkubwa, na toleo la pili mara nyingi ndilo linalomzuia asichape hadithi mpya. Kila ninapolipwa kubadilisha karanga kuwa njugu, najua kuna mwandishi chipukizi Lindi au Malindi ambaye mswada wake umebaki kabatini kwa sababu fedha zimekwenda huko.

Kuna pia wanaohofu kwamba chombo kimoja kitaimeza Kenya ndani ya Tanzania, kwa kuwa Tanzania ndiyo yenye wasemaji wengi na baraza kongwe. Hofu hiyo ni ya kweli, nimeisikia vyumba vya walimu hapa Mombasa na sehemu yake ninayo mwenyewe. Dawa yake ni viti sawa, na kanuni kwamba neno linalotumiwa shuleni katika nchi moja mwanachama halifutwi na nchi nyingine, linaandikwa na kuonyeshwa lilipo. Wahispania wamefanya hivyo na Madrid bado ipo.

Kwa hiyo naomba haya kwa mawaziri wa elimu na kwa Kamisheni. Kabla ya Julai 7 ijayo, ikutanishwe kamati ndogo ya wahariri wa vitabu vya watoto, walimu wa shule za msingi na wakutubi kutoka nchi zote nane za Jumuiya. Wapewe vitabu 20 vya hadithi ambavyo tayari vimeidhinishwa upande mmoja, wavisome, na watoe kibali kimoja. Vikichapwa pamoja, bei ya nakala itajulikana, na kila wizara itaona tofauti kwa macho yake. Fedha zinazotumika kwa mabango, fulana na mahema ya sherehe moja zingeianzisha kazi hiyo.

Mimi nina mafaili ya masahihisho niliyoyakusanya kwa muda wote wa kazi hii, neno la upande huu na la upande wa pili, na mahali nilipolikuta. Yamepangwa kwa mada: shule, shamba, jikoni, hospitali, mahakama, bahari, na sehemu ya ziwa ambayo nimeianza kwa msaada wa yule mwalimu wa Bukavu. Niko tayari kuyakabidhi kwa Kamisheni bila malipo. Mswada wa mvulana na sambaza naomba uwe wa kwanza kati ya hivyo 20, ingawa hauna kibali cha upande wowote.

Wako,
Mhariri wa vitabu vya watoto,
Mombasa